Katazo la Kuuza na Pombe ya Kulimia: Sheria za Vileo na Nguvukazi katika Uwanda wa Ufipa

Liko dai moja kuhusu pombe katika mikoa ya kusini magharibi mwa Tanzania ambalo limerithiwa na kila utawala bila kuhojiwa vya kutosha. Dai lenyewe ni kwamba pombe ya kienyeji huwamaliza wakulima nguvu wakati wa kilimo, na kwamba kuzuia uuzaji wake, hasa katika miezi ya mvua na saa za asubuhi, ni kuliokoa shamba. Mtendaji wa kijiji hulitumia anapotoza faini, mkuu wa wilaya hulitumia katika mkutano wa hadhara, na wataalamu wa kilimo hulirudia kwa lugha ya tija. Makala haya yanalipinga kwa kuutazama Uwanda wa Ufipa, kuanzia Sumbawanga na Laela hadi Namanyere na Matai. Sisemi kwamba pombe haina madhara. Ina madhara makubwa, na nitayarudia mbele. Ninachodai ni kwamba katazo la kuuza, kwa namna linavyoandikwa na kutekelezwa, haliiondoi pombe katika kilimo cha Ufipa. Linaiacha mikononi mwa mwenye akiba ya nafaka na kumnyang'anya asiye nayo. Kwa hiyo, lisomwe kwanza kama sheria ya kugawa nguvu za watu, ndipo lisomwe kama sheria ya ulevi.

Katika mambo ya msingi watafiti hawana ugomvi. Wanakubaliana kwamba pombe ya nafaka ilikuwepo kabla ya ukoloni, kwamba wapishi wake walikuwa hasa wanawake, kwamba ilinywewa katika matambiko, harusi, misiba na kazi za pamoja, na kwamba uuzaji wake kwa fedha ulikua pamoja na kodi, ajira ya mshahara na miji. Ugomvi unaanza tunapouliza ni nani aliyenufaika fedha ilipoingia katika biashara hii, na ni nani anayenufaika Serikali inapoizuia.

Makatazo matatu, si moja

Kosa la kwanza la mjadala wetu ni kuzungumza juu ya "marufuku ya pombe" kana kwamba ni moja. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulilenga pombe kali zilizoletwa Afrika na wafanyabiashara wa Ulaya, na Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 1919 ukaendeleza lengo hilo. Hati ya udhamini ya 1922, iliyoikabidhi Uingereza nchi ya Tanganyika, iliitaka idhibiti kwa ukali uuzaji wa pombe kali, na ikalitaja jambo hilo pamoja na biashara ya silaha na risasi. Kwa miongo kadhaa baadaye Mwafrika alizuiwa kunywa vinywaji vikali ambavyo Mzungu aliyekuwa jirani yake aliruhusiwa kuvinunua. Katazo hilo lilikuwa la rangi, na lilikufa pamoja na hoja zake mwishoni mwa ukoloni.

Katazo la pili lilihusu pombe iliyopikwa nyumbani. Chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya 1926 kuhusu mamlaka za wenyeji iliwapa watawala wa jadi uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kudhibiti utengenezaji, unywaji na umilikaji wa vileo katika maeneo yao. Katika sheria hiyo amri kuhusu pombe zimeorodheshwa pamoja na amri nyingine za utawala wa kila siku, zikiwemo zilizohusu kazi. Ukaribu huo una maana. Pombe ya mwanakijiji haikumshughulisha mtawala kwa sababu ya ini lake wala ndoa yake; ilimshughulisha kwa sababu ya jembe lake.

Baada ya Uhuru mambo haya mawili yalitenganishwa vizuri zaidi katika maandishi kuliko katika vitendo. Sheria ya 1966 kuhusu moshi, yaani gongo, ilifanya kukeneka bila kibali kuwa kosa la jinai. Sheria ya Vileo Na. 28 ya 1968 iliweka mfumo wa leseni na saa za kuuza, ikiiruhusu pombe ya kienyeji kwa masharti. Kisha zikaja sheria za serikali za mitaa za 1982: Na. 7, iliyozipa halmashauri za wilaya na vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Na. 9, iliyoziruhusu halmashauri kukusanya mapato yakiwemo ya leseni za vileo. Kuanzia hapo halmashauri ile ile inapata ada kutokana na pombe na pia inaweza kuizuia, na mpika pombe wa Kaengesa au Mtowisa hukutana na mikono hiyo miwili kwa nyakati tofauti za mwaka.

Katazo la tatu ni la karibuni. Tarehe 16 Februari 2017, akiwa Mirerani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe kali zilizofungwa katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, hazitaruhusiwa tena. Zambia, jirani wa Rukwa, ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 2012 dhidi ya vifuko vilivyoitwa tujilijili. Nitaeleza baadaye kwa nini naliunga mkono katazo hili la tatu ilhali nalipinga la pili.

Kuna jambo linaloitofautisha Ufipa na majirani zake. Upande wa Mbozi na Rungwe, Wamoravian walihimiza waumini wao waache pombe kabisa, na mpaka leo mipaka ya unywaji huko inafuata kwa kiasi fulani mipaka ya makanisa. Ufipa ilikuwa eneo la Mapadri Weupe, waliojikita Karema tangu 1885 na kupanda uwandani baadaye. Walipigana na mengi, hasa ndoa na matambiko, lakini Ukatoliki haukuifanya pombe yenyewe kuwa dhambi. Kwa hiyo katika uwanda huu katazo halikuwa na madhabahu ya kusimamia. Lilisimama juu ya hoja ya kazi peke yake, na ndiyo maana Ufipa ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo.

Pombe iliyolima Ufipa

Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 alivutiwa na watu wenye amani waliojishughulisha na kilimo kuliko vita. Wageni wengi waliomfuata waliandika vivyo hivyo. Jambo lililowashangaza zaidi wataalamu wa kilimo ni vilima vya mboji: majani hufyekwa na kurundikwa kuelekea mwisho wa mvua, hufunikwa kwa udongo uliogeuzwa na jembe, kisha huachwa yaoze. Msimu unaofuata vilima hutawanywa na ulezi kupandwa juu ya rutuba hiyo. Njia hii iliwawezesha Wafipa na Wamambwe kulima nyika isiyo na miti ya kuchoma, tofauti na Wabemba wa upande wa pili wa mpaka waliotegemea majivu ya matawi.

Njia hiyo ina sharti moja gumu, ambalo ni muda. Udongo lazima uwe na unyevu lakini usiwe tope, na majani yafyekwe kabla hayajakauka. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miezi inabidi ifanywe kwa siku chache. Hakuna familia yenye mikono ya kutosha kwa hilo. Mikono lazima iitwe, na mikono iliitwa kwa pombe.

Audrey Richards, katika kitabu chake cha 1939 kuhusu ardhi, kazi na chakula cha Wabemba, alionyesha kwa undani jinsi pombe ya ulezi ilivyokusanya watu wa kufanya kazi za kilimo. William Watson, akiandika mwaka 1958 juu ya Wamambwe, alionyesha jamii iliyoendelea kulima vizuri hata wanaume wengi walipokwenda migodini, kwa sababu ushirikiano wa kazi ulidumu. Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliandika juu ya watu walioweka ukarimu na ushirika katikati ya maisha ya kijiji. Tukiwasoma watatu hawa pamoja, dai la kwamba pombe ni adui wa nguvukazi linageuka miguu juu. Katika uwanda huu pombe ilikuwa ndiyo njia ya kuipata nguvukazi.

Lakini wasomaji wengi wa Richards na Willis huishia hapa, wakifurahia picha ya kijiji kinacholima na kunywa pamoja. Mimi sitaki kuishia hapo, kwa sababu picha hiyo inaficha swali la ghala. Kuwapikia watu ishirini pombe ya kulimia kunahitaji nafaka ya ziada, na inahitajika katika miezi ambayo nafaka ni haba. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kumalizika Aprili. Mahindi na ulezi huvunwa kuanzia Mei. Palizi huwa kali kati ya Desemba na Machi, wakati maghala mengi yamepungua na baadhi yamekwisha. Nani ana debe la kimea cha ulezi na gunia la mahindi asilolihitaji kwa ugali mwezi Februari? Ni yule aliyevuna sana mwaka jana. Anapika, majirani wanakuja, shamba lake linapaliliwa kwa siku moja, na mwaka huu anavuna sana tena. Wale waliokuja waliacha mashamba yao wenyewe na magugu. Ushirika upo, sikatai. Lakini unapopimwa kwa magugu, pombe ya kulimia huhamisha nguvu za wenye njaa kwenda kwa walioshiba.

Sasa tuangalie pombe ya kuuza. Mjane, au mke ambaye mumewe ameshauza mahindi ya nyumba, hana gunia la ziada. Anachoweza ni kukopa debe. Analoweka mahindi, anayaanika na kuyasaga, anapika uji mzito, anaupoza, anatia kimea cha ulezi, anaacha uchachuke, anaupika tena, na baada ya siku nne hadi saba anachuja komoni. Kama ni kimpumu, mchanganyiko wa ulezi huwekwa chunguni na wanywaji huongezewa maji ya moto wanapofyonza kwa mirija. Pombe hii ina uhai wa siku moja au mbili, kisha huwa kali na kuharibika. Kwa hiyo huuzwa yote kwa haraka, kwa kopo, kwa watu wengi, kila mmoja akitoa kidogo. Jioni mama analipa debe la watu. Kinachobaki ni chumvi, sabuni, daftari za watoto na machicha ya kumlisha nguruwe. Kikibaki kingine, kinamlipa kibarua wa kupalilia shamba lake yeye.

Hapo mwishoni ndipo penye hoja yangu yote. Kwa kaya isiyo na akiba, kuuza pombe ndiyo njia ya kupata mikono ya watu bila kwanza kuwa na ghala. Debe la mkopo linageuzwa kuwa fedha, na fedha kuwa siku ya palizi. Mwenye ghala haihitaji njia hiyo, kwa kuwa yeye hugeuza nafaka kuwa palizi moja kwa moja, bila kuuza kitu. Unapokataza uuzaji katika msimu wa kilimo na kuiacha pombe ya kulimia, unaifunga njia ya maskini na kuiacha wazi ya tajiri, katika miezi ile ile ambayo tofauti kati yao huamuliwa kwa mwaka mzima.

Mwanasheria anaweza kujibu kwamba kubadilishana pombe na kazi nako ni kuuza, na kwamba mwenye shamba naye anastahili kushtakiwa. Kimaandishi hoja hiyo inaweza kusimama. Lakini sheria huishi katika utekelezaji, na utekelezaji huu unajulikana na kila mtu aliyekaa kijijini. Mgambo huenda kilabuni na sokoni. Huenda palipo na moshi wa siku tatu, mapipa na viti vya wanunuzi. Haendi shambani kwa mwenyekiti mstaafu ambako watu thelathini wanapalilia huku vyungu vikisubiri kivulini, kwa sababu huko anaona wageni wa mtu, haoni wateja. Mapipa yanayomwagwa ni ya mama aliyekopa.

Jambo hilo linaendelea hatua moja mbele zaidi. Komoni ni nzito, huchukua nafasi, hutoa moshi kwa siku kadhaa na haihifadhiki. Hakuna bidhaa iliyo rahisi kuikamata kuliko hiyo. Gongo huingia katika chupa, hukaa miezi, na husafirishwa chini ya kiti cha pikipiki. Kila oparesheni inayoanza kwa lengo la kupunguza ulevi hukamata kwanza kinywaji hafifu na kukiachia soko kile kikali. Kenya ilijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Sheria yake ya 1980 iliipiga marufuku chang'aa kwa miaka 30, hadi ilipofutwa na sheria ya 2010, na katika miaka hiyo yote chang'aa haikutoweka. Ilihamia kwenye vichochoro na mikononi mwa waliokuwa tayari kuichanganya na chochote. Marekani ilipata somo kama hilo kati ya 1920 na 1933. Sihitaji kuirefusha hoja hii, kwa sababu wengi wanaikubali. Jambo jipya kwa Ufipa ni kwamba anayepoteza katika mabadiliko hayo ni mwanamke wa komoni, na anayeingia mahali pake mara nyingi ni mwanamume mwenye mtambo na mtandao.

Mahindi yaliyozuiwa mara mbili

Rukwa ni mojawapo ya mikoa ya nyanda za juu inayotegemewa kwa mahindi ya taifa. Mkulima wa Matai anaweza kuuza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa mlanguzi atakayepeleka Tunduma, au kuvuka Kasesya kuingia Zambia. Mwaka 2011 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na mwaka 2017 ikazuia tena. Bei katika mikoa yenye ziada zilianguka, na wakala hakuwa na uwezo wa kununua mahindi yote. Kwa kaya nyingi, njia iliyobaki ya kuongeza thamani ya gunia lililokosa mnunuzi ilikuwa kuligeuza kuwa pombe.

Mtunga sera husema kwamba huko ni kupoteza chakula. Hoja hiyo ina nguvu katika mwaka wa njaa, na sitaidharau. Lakini Chibuku ya kiwandani hutengenezwa kwa mahindi na mtama, huuzwa kwa kopo vile vile, na hakuna anayeiita upotevu wa chakula. Huitwa kiwanda, ajira na kodi. Gunia lile lile, likipita kwenye chungu cha mwanamke wa Laela, huwa tatizo la usalama wa chakula. Katika mwaka wa mavuno mazuri na mipaka iliyofungwa, katazo la kuuza pombe huwa katazo la pili juu ya mahindi yale yale. Linamwambia mzalishaji: usiyauze kama nafaka kule, na usiyauze kama komoni hapa.

Ninaotofautiana nao

Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 juu ya historia ya pombe Afrika Mashariki, amejenga hoja kubwa kwamba unywaji wa zamani uliakisi mamlaka ya wazee, na kwamba uuzaji wa pombe kwa fedha uliwapa wanawake na vijana nafasi ambayo wazee na Serikali waliiogopa. Hoja hiyo imetuvusha mbali, na sehemu ya ushahidi wake inatoka Rungwe, si mbali na hapa. Tofauti yangu naye ni hii: yeye huiweka nguvu katika umri na hadhi, nami naona kwamba Ufipa inatulazimisha kuiweka katika ghala. Mzee asiye na nafaka hamwiti mtu shambani. Kijana aliyerudi kutoka Tunduma na fedha, akanunua ng'ombe wawili wa kulimia, anaita kijiji kizima. Tukiutazama umri peke yake, katazo la kuuza litaonekana kama jaribio la kuirudisha heshima ya wazee. Tukilitazama ghala, litaonekana kwa sura yake halisi.

Maia Green, aliyefanya utafiti Ulanga na kuandika mwaka 1999, analeta changamoto kubwa zaidi. Kwake biashara ya vinywaji hujengwa juu ya kutokuwa sawa kwa wanawake na wanaume. Wanawake hufuata fedha iliyoko mifukoni mwa wanaume kwa sababu hawana njia nyingine ya kuifikia. Kutokana na hoja hiyo mtu anaweza kuhitimisha kwamba faida ya mpika pombe ni hasara ya mke wa mnywaji, na kwamba katazo likiondoa vyote viwili halimdhulumu mwanamke kama kundi. Sikubaliani na hitimisho hilo. Wanawake wa kijiji si kapu moja ambamo kinachotoka kwa huyu huingia kwa yule. Mke wa mnywaji mara nyingi ana mume mwenye kipato, hata kama kinatumiwa vibaya. Mpika pombe mara nyingi hana mume huyo. Kuwahesabu pamoja ni kumfuta yule wa chini kabisa. Michael McCall, aliyeandika mwaka 1996 juu ya upikaji pombe vijijini na namna unavyoachwa nje ya mipango ya maendeleo, alikuwa karibu zaidi na ukweli alipoona kwamba kuachwa nje huko kwenyewe ni sera.

Hoja za upande wa pili

Inasemwa kwamba pombe ya kulimia imekufa. Jembe la ng'ombe limeenea, vibarua hulipwa fedha, na vijana hawaji tena kwa ajili ya chungu. Hoja hii ingekuwa kweli yote, msingi wangu ungebomoka. Kwa kiasi ni kweli: kulima kwa mikono kumepungua sana, na vilima vya mboji havina tena nafasi viliyokuwa nayo kabla ya mahindi na mbolea ya dukani. Hata hivyo palizi na uvunaji bado ni kazi za mkono, na malipo yake mara nyingi ni mseto wa fedha, chakula na pombe. Na pale ambapo fedha imeshinda kabisa, nafasi ya komoni ya kuuza inakuwa kubwa zaidi, kwa maana kilabu ndicho mahali ambapo ujira wa kibarua hurudi kwa mwanamke asiye na shamba kubwa. Katazo humwumiza kwa njia nyingine, lakini mtu ni yule yule.

Kuhusu ukatili majumbani, sina jibu la kumaliza ubishi. Pombe huchochea kipigo, na mtoto anayelala njaa kwa sababu baba amemaliza ujira kilabuni hafarijiki kwa nadharia ya maghala. Ninachoweza kusema ni kwamba katazo la kuuza limelenga mahali pasipofaa. Mwanamume anayempiga mkewe ana kosa lake katika sheria za nchi, na anastahili kufikishwa mahakamani yeye mwenyewe. Kumwaga pipa la jirani hakumfikishi huko.

Kipindupindu ni hoja nzito kuliko zote. Kila mlipuko, ukiwemo ule mkubwa ulioanza Agosti 2015, umezifanya halmashauri nchini zizuie uuzaji wa pombe za kienyeji, na maeneo yenye maji machache salama, kama Bonde la Ziwa Rukwa chini ya uwanda, hayana anasa ya kusubiri. Ninaikubali hatua hiyo kwa sharti kwamba iwe ya muda, ifungwe kwenye mlipuko, na iishe pamoja nao. Pombe yenyewe huchemshwa. Hatari iko katika maji yanayoongezwa, makopo yanayopitishwa mkono kwa mkono na ukosefu wa choo kilabuni. Haya ni mambo yenye dawa, na dawa yake ni bomba, ndoo yenye koki na choo.

Hoja ya kuni sitaipinga. Uwanda ni nyika ya majani, misitu iliyobaki kama ile ya Milima ya Mbizi inalengwa kila upande, na komoni hula kuni mara mbili. Anayetaka kulipunguza hilo ana kazi ya majiko sanifu mbele yake.

Viroba, hatimaye. Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini katazo la 2017 halinisumbui. Kwa sababu liligusa bidhaa yenye viwanda vichache vinavyojulikana, iliyouzwa kwa bei ya mfukoni mwa mtoto wa shule, na ambayo haikuacha thamani yoyote kijijini zaidi ya faida ndogo ya mwenye duka. Katazo lilisimama mlangoni mwa kiwanda. Komoni ina viwanda vingi kama vile nyumba zilivyo nyingi, na kila nyumba inakata kipande cha riziki. Sheria inayofaa kwa kinywaji kimoja haihamishwi kwa kingine kwa sababu tu vyote hulevya.

Yatokanayo

Katika Rukwa, sheria ndogo ya kijiji inayozuia kuuza pombe ya kuchachusha katika msimu wa kilimo haina uhalali wa kiuchumi unaodaiwa, na pengine inazidisha tofauti ya mavuno kati ya kaya. Nasema "pengine" kwa upande wa mavuno tu, kwa kuwa kipimo chake kinahitaji daftari za mashamba za misimu kadhaa. Kwa upande wa mgawanyo wa mikono sioni shaka.

Chini ya sheria ya 1982, sheria ndogo ya kijiji hupelekwa halmashauri ya wilaya kabla ya kutumika. Hapo ndipo pa kuanzia. Halmashauri za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi zinaweza kuamua kwamba hazitapitisha katazo lolote la msimu lisiloeleza linaihusu vipi pombe ya kulimia. Kijiji kinachotaka kuzuia pombe mwezi Februari kwa sababu ya palizi kiizuie pia kwenye shamba la diwani, au kiruhusu mwanamke auze komoni yake baada ya saa tisa alasiri, akiwa na leseni ya bei anayoimudu, maji ya kunawa na choo. Ada zinazotokana na leseni hizo zitengwe kwa ajili ya vilabu vyenyewe badala ya kumezwa na matumizi ya jumla. Nguvu za polisi zihamishiwe kwenye mitambo ya gongo. Na kila halmashauri inayopokea ombi la katazo iagize afisa kilimo wa kata aorodheshe, kwa msimu mmoja tu, ni mashamba ya nani yaliyopaliliwa kwa pombe na ni ya nani yaliyobaki na magugu, orodha hiyo isomwe katika mkutano wa kijiji kabla watu hawajanyoosha mikono kupiga kura.